Shahidi wa Pili

Kazi ya kutafsiri humfundisha mtu unyenyekevu. Sentensi ndefu yenye mafumbo aghalabu huipita, kisha akakwama kwenye neno moja analolisikia kila siku. Mapema mwaka 2025 alinijia jirani yangu, katekista wa parokia iliyo karibu na mtaa wetu, ambaye sote twamwita Mwalimu, akiwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Alitaka nimtilie kwa Kiswahili habari za mtawa aliyeitwa Dorothy Stang, zipate kusomwa kanisani tarehe 12 Februari, siku ya kutimia miaka 20 tangu mtawa huyo auawe huko Brazil. Mimi si wa dini yake, na hilo alilijua. Lakini tumekaa baraza moja miaka mingi tukigombana juu ya vina na mizani, na watu waliokwisha kugombania shairi hawaoneani haya kwa jambo jingine.

Karatasi ya kwanza niliimaliza kabla ya adhuhuri. Ya pili ilinisimamisha siku nne, kwa sababu ya neno moja lililosema namna mtawa yule alivyoyatoa maisha yake. Kiswahili hakikuninyima maneno. Kilinipa mengi kupita haja. Liko neno sadaka, kitu kitolewacho kwa radhi ili apate mwenye kuhitaji. Liko dhabihu, mnyama achinjwaye mbele ya madhabahu, ambaye hakuulizwa. Liko kafara, kile tunachokipeleka njia panda au tunachokitosa baharini ili balaa itupishe, kisha tukarejea nyumbani bila ya kugeuka nyuma. Na liko kujitoa mhanga, neno lililokuwa zuri, ambalo habari za mabomu zimeliharibu, hata leo ukilitamka msikilizaji humfikiri muuaji kabla hajamfikiri mwema.

Nililipima kila moja, na kila moja likanikataa. Hapo nikatambua kuwa taabu yangu haikuwa ya kamusi. Mtu akiuawa kwa ajili ya kuutetea msitu, ni nani aliyetoa, ni nani aliyepokea, na ni nani aliyeua? Neno utakalolichagua limekwisha kujibu maswali hayo matatu kabla wewe hujajijua.

Kisa chenyewe, kwa msomaji asiyekijua, ni hiki. Dorothy Stang alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Dayton, Ohio, nchini Marekani, akajiunga na Masista wa Notre Dame wa Namur. Mwaka 1966 alikwenda Brazil, na baadaye akachukua uraia wa huko. Tangu miaka ya 1980 makazi yake yalikuwa Anapu, katika jimbo la Pará, kando ya barabara kuu ikatayo msitu wa Amazon, barabara iliyojengwa miaka ya 1970 ili masikini wasio na ardhi wapelekwe kwenye ardhi iliyosemwa kuwa haina watu. Masikini walikwenda. Nyuma yao wakaja wakata mbao na wenye mifugo mingi, wenye hati za kughushi na watu wa bunduki. Nyumba za wakulima zikachomwa moto, na msitu ukafyekwa kupisha malisho.

Mtawa huyu hakuwa mtu wa kukumbatia miti na kuwasahau watu. Aliwasaidia wakulima kuanzisha makazi ambamo familia ingelima sehemu ndogo ya ardhi na kuacha sehemu kubwa ibaki msitu, kama sheria ya Brazil inavyotaka katika eneo la Amazon, ambako asilimia 80 ya shamba hutakiwa kuachwa na miti yake. Aliwafundisha kusoma, akapeleka mashitaka yao ofisini, akarejea kuuliza majibu. Walimsingizia kuwa anawapa wakulima silaha. Jina lake lilikuwa katika orodha ya watu wa kuuawa, naye alikwisha kuwaarifu wakuu wa serikali habari za vitisho hivyo. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 2005, akiwa na umri wa miaka 73, alikuwa akienda kwa miguu kwenye mkutano wa wakulima alipozuiwa na watu wawili. Walimuuliza kama ana silaha. Akatoa Biblia, akasema hiyo ndiyo silaha yake, akawasomea maneno ya heri yaliyomo katika hotuba ya mlimani. Mmoja wao akampiga risasi sita.

Watu hao wawili walihukumiwa mwaka huohuo wa 2005. Wenye mashamba wawili waliowatuma iliwachukua mahakama muda zaidi: mmoja alihukumiwa mwaka 2007, akaachiwa mwaka 2008, akahukumiwa tena mwaka 2010, wa pili naye akahukumiwa mwaka huo wa 2010, na kila mmoja akapewa miaka 30. Serikali, iliyoarifiwa vitisho mapema, ilipeleka askari wapatao 2,000 baada ya mazishi, na katika muda usiotimia wiki moja tangu mauaji ikatangaza hifadhi mpya zenye mamilioni ya hekta. Msomaji na asimame kidogo hapo. Kila kilichoombwa kwa miaka kilipatikana kwa siku chache, baada ya damu kumwagika. Ndivyo kafara ifanyavyo kazi. Na ndiyo maana neno hilo lilinitia hofu.

Wapo watakaouliza imani ya Kikristo inahusika vipi na miti. Swali hili si geni. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba mzizi wa maangamizi ya mazingira ni imani ya Kikristo ya Magharibi, iliyomfunza mtu kujiona bwana, na viumbe vingine vyote kuwa chombo chake. Alikitegemea kisa cha uumbaji, ambamo mtu aliambiwa aitiishe nchi na kuvitawala viumbe. Shutuma hiyo haikutoka kwa adui. White mwenyewe alikuwa Mkristo, na mwisho wa makala yake alimpendekeza Fransisko wa Assisi awe msimamizi wa wenye kuyatetea mazingira. Papa Yohane Paulo wa Pili akalitangaza hilo mwaka 1979.

Mimi sikusomea Kiebrania katika chuo chochote. Nilikiokota kwa kamusi iliyochanika na kwa msaada wa watu wema, kadiri ya kunitosha kuuliza swali. Nilipousoma mlango wa pili wa kitabu cha Mwanzo, niliona kuwa mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Kitenzi cha kwanza, abad, maana yake ni kulima, na ndicho hichohicho cha kutumikia na kuabudu. Cha pili, shamar, ni kutunza, kulinda, kushika zamu. Milango miwili mbele, Kaini amekwisha kumuua nduguye; akiulizwa yuko wapi, anajibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Neno analolitumia linatoka katika shina lilelile la shamar. Katika Kiswahili tumeyatenga: bustani tunaitunza, ndugu tunamlinda. Katika lugha ya awali kazi ni moja, na aliyeikana kwa ndugu yake ameikana pia kwa bustani. Wala si ajabu kwamba baada ya hapo ardhi ndiyo iliyosema: damu ililia kutoka udongoni, na udongo ukakataa kumzalia muuaji.

Nikiwa na habari hiyo mkononi, nilimwelewa mtawa wa Anapu zaidi. Walimwengu hubishana kama alikufa kwa ajili ya msitu au kwa ajili ya masikini, kana kwamba ni mambo mawili. Yeye hakuona mpaka hapo. Msitu ukifyekwa, mkulima hufukuzwa. Mkulima akifukuzwa, msitu hufyekwa. Papa Fransisko alilinena jambo hilo katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliposhikilia kuwa kilio cha ardhi na kilio cha masikini havitenganishwi. Nasi tuliosoma chuoni tunalo neno khalifa, na wapo kati yetu walioligeuza kuwa mwenye mali badala ya mwenye amana. Hivyo tusimcheke jirani kwa kosa tulilo nalo uani kwetu.

Linabaki swali la ushahidi. Kwa desturi ya Kanisa, shahidi wa imani ni yule aliyeuawa kwa chuki ya imani yake. Sasa waliomuua Dorothy Stang hawakuuliza habari za Utatu wala za ubatizo. Walitaka ardhi, na nchi yenyewe ni ya Wakristo wengi. Je, aliyeuawa na watu waliobatizwa, kwa sababu ya ng'ombe na mbao, ni shahidi wa dini? Mwalimu alinijibu kwa kunikumbusha shamba la Nabothi.

Kisa hicho kimo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na jumba lake, alifanye bustani ya mboga. Wala hakuanza kwa dhuluma: aliahidi shamba jingine lililo bora, au fedha kwa thamani yake. Nabothi akakataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake, na urithi ule haukuwa wake peke yake hata auuze. Mfalme akalala kitandani amenuna, hataki chakula. Mkewe Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme na kwa muhuri wake. Wakasimamishwa watu wawili wasiofaa, wakashuhudia kuwa Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe. Ndipo Ahabu akashuka kulitwaa shamba.

Tazama, Nabothi hakuhubiri. Hakutafuta kufa. Alisema neno moja, la, akabaki nalo. Waliomuua ndio walioitia dini katika jambo hilo, kwa kumsingizia kufuru. Hakuna anayemwita Nabothi dhabihu, maana hakuna aliyemtoa kwa Mungu; alitolewa kwa bustani ya mboga. Kwa mizani hiyo, imani ya mtu haipimwi kwa swali aliloulizwa na muuaji, bali kwa jambo ambalo hakukubali kulitenda. Mtawa yule hakukubali kuondoka. Kanisa lenyewe, polepole kama ilivyo kawaida yake, limelielekea jambo hilo: mwezi Januari 2025 kumbukumbu yake iliwekwa Roma katika kanisa la San Bartolomeo all'Isola, lililojengwa juu ya kisiwa katika mto Tiber na kutengwa kwa mashahidi wa nyakati zetu. Nami mtu wa kisiwani nilifurahi kuisikia anwani hiyo.

Walakini, hapa lazima niseme kinachonikera. Tunapenda mno vifo vya watu wema. Mtu akiwa hai, akigonga milango na makaratasi yake, humwona msumbufu. Akishauawa humtungia utenzi. Kifo chake hutupumzisha mara mbili, kwanza kwa kuwa hatagonga tena, pili kwa kuwa wema umekuwa jambo la mashujaa, nasi si mashujaa, basi hatudaiwi. Hiyo ndiyo kafara ninayoikataa: mtu mmoja anatupwa njia panda ili sisi wengine turejee nyumbani bila ya kugeuka nyuma. Na imani ya Kikristo, kama ninavyoisoma kutoka ng'ambo ya ukuta, haitoi ruhusa hiyo. Manabii wake walisema Mungu ataka rehema kuliko sadaka za kuchinjwa. Na Yesu mwenyewe, usiku wa kukamatwa kwake, aliomba kikombe kimwepuke. Kuyapenda maisha hakukuwa dhambi bustanini mwa Gethsemane. Hakuwezi kuwa dhambi Anapu.

Ndiyo sababu naona inafaa tuwakumbuke pia waliopona. Wangari Maathai, aliyelelewa shuleni na watawa wa Kikatoliki nchini Kenya na kuendelea na masomo kwa Wabenedikto huko Kansas, alizuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 1989. Mwezi Januari 1999 alipigwa hadi akatokwa na damu kichwani akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akafa kwa maradhi mwaka 2011. Hakupungukiwa na ushahidi kwa kuwa hakuuawa. Msitu wa Karura ungalipo, na watu hutembea humo na watoto wao. Kilichomwokoa si kwamba wenye nguvu wa Nairobi walikuwa na huruma kuliko wa Pará. Ni kwamba aghalabu hakusimama peke yake. Walikuwako wanawake wa vijijini na miche yao, walikuwako wanafunzi, na yalikuwako macho ya ulimwengu. Kinyume chake, Juan López wa Tocoa, Honduras, mhudumu wa neno katika kanisa Katoliki na mtetezi wa mto Guapinol dhidi ya mgodi, alikuwa amepewa hadhari ya ulinzi na tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika tangu mwaka 2023, lakini karatasi haikusimama mbele ya risasi. Aliuawa tarehe 14 Septemba 2024 akitoka kanisani. Shirika la Global Witness, ambalo jina lake kwa lugha yetu lingekuwa Shahidi wa Ulimwengu, lilihesabu watu 196 waliouawa duniani kwa mwaka mmoja wa 2023 kwa kutetea ardhi na mazingira.

Sasa nitasema langu, maana makala ya namna hii isiyomgusa mwandishi wake ni hotuba tu. Miaka mingi iliyopita, katika hori ya kijijini kwetu, mikoko ilianza kupungua. Wakati wa bamvua, usiku, mashua ziliingia tupu na kutoka zimejaa boriti. Mzee mmoja mvuvi, mtu asiyejua kusoma, alikwenda kusema mbele ya wenye mamlaka kwamba mikoko ikiisha, kamba na kaa watakwisha, na bahari itaingia mashambani. Wakamwuliza shahidi wake ni nani. Akanitaja mimi, maana usiku mmoja tulikuwa pamoja ufukoni, na mashua ikapita mbele yetu karibu hata tukawasikia mabaharia wakikohoa. Niliitwa. Nikasema kuwa usiku ulikuwa na giza, na sikuona vyema.

Haukuwa na giza. Ulikuwa usiku wa mbalamwezi, na wapwani wenzangu wanajua kuwa bamvua kubwa haikosi mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na ule ulikuwa mpevu. Aliyeniuliza naye alilijua hilo, akaandika nilivyosema. Mzee hakuuawa. Nyavu zake zilikatwa, watu wakaacha kukaa naye, na mwaka uliofuata akahamia kwa binti yake ng'ambo. Kabla ya kupanda chombo alinisalimu kama kawaida, akaniita mwanangu. Wahenga wetu walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami niliubusu, na nimeionja ladha yake tangu siku hiyo.

Kwa hiyo nilipokisoma kisa cha Nabothi safari hii, sikusimama kwa mfalme wala kwa malkia. Nilisimama kwa wale wawili. Sheria ya Musa ilitaka neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, na uongo ulitimiza hesabu yake: watu wawili walipatikana mara moja. Ukweli wa Nabothi ulikuwa na mmoja tu, naye ni Nabothi mwenyewe. Mji mzima ulimjua, ulijua shamba ni la nani, na wazee waliosoma barua waliutambua muhuri. Eliya alikuja na neno kali, lakini alikuja baada ya mawe. Njiani Anapu vilevile, wauaji walikuwa wawili.

Tangu hapo nimeacha kuuliza kama imani humdai mtu afe kwa ajili ya msitu. Nadhani haimdai hivyo, na anayemhimiza mwenziwe afe ilhali yeye amekaa kivulini ni mshirika wa wauaji. Inachodai ni kidogo, na kwa hiyo hakikwepeki: kwamba uliloliona useme umeliona. Kiswahili chetu, kama Kiarabu tulikokopa, na kama Kiyunani cha Injili, kina neno moja kwa aliyeona na kwa aliyeuawa, nalo ni shahidi. Watu hudhani maana ya pili ndiyo kilele cha ile ya kwanza. Mimi naona huzuni ndani yake: mara nyingi mtu huifikia maana ya pili kwa sababu katika ile ya kwanza aliachwa peke yake. Shahidi akiwa mmoja, kumnyamazisha ni kazi ya dakika moja. Wakiwa wawili, ni kazi kubwa. Wakiwa kijiji, mashua hugeuza tanga.

Siku ya tano nilimpelekea Mwalimu karatasi zake. Pale penye neno lile la Kiingereza sikuandika sadaka wala dhabihu, wala kafara, wala mhanga. Niliandika hivi: alikuwa shahidi wa yale aliyoyaona, na kwa kuwa hakukubali kunyamaza, watu walimuua. Mwalimu akasoma, akanyamaza kidogo.

"Ndugu yangu," akasema, "umeliondoa neno tamu ukatuwekea wauaji kanisani."

"Walikuwamo, Mwalimu," nikamjibu. "Lile neno tamu liliwafunika tu."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Nilisikia kuwa ilisomwa vilevile nilivyoiandika. Nami wiki ile nilivuka ng'ambo kumtafuta yule mzee. Sikumkuta, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Nilimkuta binti yake, nikamweleza mbele ya wanawe kuwa usiku ule kulikuwa na mwezi, na kwamba baba yake alisema kweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza ni nani mwingine niliyekwisha kumwambia.

Nimekwambia wewe, msomaji.